Nesi Tuliyemkuta Shambani

Ndugu zangu, mimi ni Nyamizi, mke wa Maganga wa Mtakuja. Mkono huu wa kulia mnaouona ukitetemeka, msidhani ni uzee. Uzee umekuja juzi tu, ukaukuta mkono unatetemeka tayari. Mmeniomba niwaeleze nilivyougua nikapona, nami nitaeleza yote, hata ya chini ya khanga, maana kufichaficha ndiko kulikotaka kunizika. Mwenye aibu azibe masikio.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi, na nilijisikia kwa hilo. Zamani tuliishi porini, kila kaya na mihogo yake na mizinga yake ya nyuki, mpaka ilipokuja amri ya kuhamia vijijini. Lori likaja likapakia vinu, kuku, milango na watu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, alikaa juu ya mlango wa nyumba yake katikati ya lori mpaka tuliposhushwa kwenye miyombo mitupu tukaambiwa hapa ndipo Mtakuja, jengeni. Tukajenga. Tukapewa shamba la ujamaa, la mahindi na tumbaku, na kila siku ya zamu kengele ya chuma cha reli ikigongwa mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Nilimaliza matuta yangu mapema, kisha nikarudi nyuma kuwasaidia waliochelewa huku nikiwacheka. Walionijua wakati huo hawakunijua nikiwa nimelala mchana.

Nilichopungukiwa ni kimoja, mtoto. Miaka ilikuwa imepita tangu Maganga anioe na tumbo langu lilikuwa kimya. Maganga hakunisimanga. Alikuwa mrina asali, mtu wa maneno machache, na hasira zake zote aliziacha porini kwa nyuki. Mayu naye hakusema neno. Lakini ukutani kwake ilining'inia mbeleko ya ngozi ya mbuzi, aliyoilainisha kwa mikono yake mwaka ule nilioolewa. Alikuja nayo kwenye lori akiwa ameifungia ndani ya nguo zake. Kila nilipoingia kumsalimia niliiona, naye alijua kwamba nimeiona.

Zahanati tulikuwa nayo, yaani nyumba ya zahanati. Wanaume walifyatua matofali, sisi wanawake tukachota maji, na mabati yalipofika tulicheza ngoma. Tukaambiwa sasa kaeni tayari, nesi anakuja. Kufuli la mlangoni likashika kutu. Mbuzi wakapata mahali pa kujikingia mvua.

Kiangazi kimoja nilimfuata Maganga kambini kwake porini nikamsaidie kubeba asali. Mbung'o walikuwa wengi mno. Mbung'o hamuumi mtu kama mbu. Anachoma kama sindano ya gunia, hata kupitia nguo. Mmoja alinichoma nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Nilimpiga, nikamtukana, nikaendelea na safari.

Baada ya siku chache pale pakavimba. Likawa jipu jekundu, gumu, la moto, lisilo na mdomo wala usaha. Nikalikanda kwa maji ya chumvi. Likauma, kisha likanywea lenyewe likaacha baka jeusi. Nikalisahau. Halafu ikaja homa. Inanishika leo na kuniachia kesho, inakaa kimya, halafu inarudi tena. Kichwa kiliniuma hasa kisogoni. Homa gani hapa kwetu isiyokuwa ya mbu? Nikameza klorokwini za duka la ushirika, zile chungu, masikio yakavuma. Nikaona nafuu, au nilitaka kuiona.

Mwezi huohuo sikuona siku zangu.

Ninyi wasichana wa leo mnatangaza mambo haya. Kwetu wakati ule mimba changa ilikuwa haitajwi. Ukiitaja umeiita mbele ya macho ya watu wabaya. Mkwe hamwulizi mke wa mwanawe, na mke wa mwana hamwambii mkwe. Watu wanaona, wananyamaza, wanakupokea mtungi kichwani. Basi mimi nikanyamaza. Mwezi wa pili hakikuja kitu, na wa tatu vilevile. Kila usiku niliweka mkono tumboni nikimwambia Mungu asante, kimoyomoyo, nisije nikasikiwa.

Na dalili zilikuwa nyingi, ndugu zangu, kila moja imevaa nguo za mimba. Uso ulivimba, hasa asubuhi, na macho yakawa madogo. Chakula kilinichukiza. Nilikonda mikono na miguu, na wanawake wakatazamana kisimani, maana mimba changa hukondesha. Mwili uliniwasha. Viungo viliuma. Na usingizi. Mama yangu, usingizi ule. Ulikuwa unanikuta na mchi mkononi. Nilikuwa nikisonga ugali, nashtuka nasikia harufu ya kuungua, na Mayu amekwishauchukua mwiko anasonga yeye. Usiku nao nilikuwa macho, nahesabu popo wa paani.

Shambani nililala juu ya tuta. Angekuwa mwanamume angeitwa kupe, mnyonyaji, angesimamishwa mkutanoni akatozwa kuku. Mimi walinihamishia kivulini. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyekuwa hasamehi mgonjwa wala mfiwa, alinipita akajifanya haoni. Jirani yangu Kalunde alilima matuta yangu na yake. Alinifunika na khanga yake mwenyewe, akasema, "Lala, dada. Kazi yako unayo." Sijawahi kuhurumiwa kama miezi ile. Laiti wangenitoza kuku.

Mtaniuliza, malale hamkuyajua? Tuliyajua vizuri sana. Wazee wetu waliwahi kuhamishwa mara mbili kwa ajili ya malale, tangu enzi za mkoloni. Lakini kwetu malale yalikuwa ugonjwa wa wanaume wa mizinga, wanaokaa porini msimu mzima. Mwanamke kijana, ameolewa, hana mtoto, siku zake zimekatika, uso umevimba, analala hovyo: hapo nani atafikiria malale? Tulikuwa tunataka mtoto. Macho huona kile ambacho moyo unakingojea.

Kisha nikaanza kubadilika tabia. Nililia bila kisa. Nilicheka msibani. Siku moja Mayu aliniletea uji, nami nikamwambia aondoke mbele yangu, ananuka ugoro. Mkwe wangu. Kalunde alikuwepo, alishika mdomo. Mtu wa kwetu akisema vile hurudishwa kwao na mbuzi wa faini juu. Mayu aliweka kibuyu chini taratibu, akacheka.

"Si yeye," akamwambia Kalunde. "Imenikataa mimi. Hata mimi ya Maganga ilimkataa mama mkwe wangu hivihivi."

Hapo ndipo alipokaribia zaidi kuitaja. Jioni ile alitungua mbeleko ukutani, akaipaka samli.

Lakini tumbo halikukua. Mimi niliona, na Mayu aliona. Nilikuwa najiambia labda ni mtoto mdogo, labda amelala mgongoni, maneno ya kujipumbaza. Ulimi ukawa mzito, natamka neno linatoka nusu. Nikijigonga muundi kwenye kigoda, nasikia kishindo tu. Maumivu yanakuja baadaye, makubwa kuliko pigo lenyewe, hadi nashika kichwa. Mkono huu ukaanza kutetemeka. Nilitaka kumwambia mtu kwamba naogopa, na sikuwa na wa kumwambia, maana kumwambia ni kuitaja. Maganga alikuwa amerudi kambini. Nilikuwa ndani ya mwili wangu kama mtu aliyefungiwa chumbani, anasikia watu wanafurahi nje.

Mvua za kwanza ziliponyesha, tulisikia kijiji cha Umoja wamepewa nesi. Umoja ni ng'ambo ya mbuga, ukielekea Tura kwenye stesheni ya reli. Mayu hakunieleza kitu. Alikuja asubuhi amevaa khanga zake za sikukuu, kabeba kibuyu cha uji na mbeleko mabegani.

"Tunakwenda kutembea," alisema.

Kwa miguu yangu ya zamani ningefika Umoja kabla ya jua kuwa kali. Siku ile nilikaa chini kila mara. Nilisinzia nikiwa natembea, nikaingia kwenye miiba, Mayu akanitoa. Mwisho alinifunga kiunoni kwa ncha ya khanga, nyingine akajifunga yeye, akanivuta. Tulipita watu njiani wakaamkia, "Mwangaluka," naye akaitikia kwa heshima zote huku ananiburuta mimi, na hakuna aliyeuliza. Wote walielewa, au walidhani wameelewa.

Zahanati ya Umoja ilikuwa imefungwa. Mbele yake alikaa bibi mmoja anabangua karanga.

"Nesi hayupo?" Mayu aliuliza.

"Yuko shambani. Leo wanapanda. Hata mwalimu wa shule yuko huko, hata mwenyekiti. Subirini, atarudi."

Tukasubiri kwenye kizingiti. Ingekuwa ni mgonjwa, Mayu angekimbia shambani akapige ukunga. Lakini je, utamtoa mtumishi wa serikali kwenye shamba la ujamaa, mbele ya kijiji kizima, umwambie nimeleta mimba? Akaona aibu. Akakaa. Jua likapanda, likageuka. Mimi nililala kichwa kikiwa mapajani mwake, nikajikojolea. Nilisikia maji ya moto yanashuka miguuni, nikajua ni mkojo, nikataka kuinuka, mwili ukakataa. Nilimwona Mayu anatazama khanga zake za sikukuu zinavyolowa. Hakuniamsha. Alinitazama usoni muda mrefu, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone ameogopa.

"Nishikie huyu," akamwambia yule bibi, akaondoka mbio.

Yaliyotokea shambani alinisimulia yeye mwenyewe. Alikuwa anatafuta gauni jeupe. Alipita mstari mzima wa watu wanaopanda mahindi, akauliza nesi ni nani, akampita nesi mwenyewe asimjue, maana alikuwa dada mfupi amejifunga khanga kifuani, matope hadi magotini, mbegu za mahindi zimo shavuni kama mtoto mwenye karanga. Alikuwa anatoka mbali, Ukerewe, aliitwa Yustina. Alizitema mbegu kiganjani.

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Nina mgeni wangu pale kwako," Mayu alisema, na hapo aibu ikamrudia. "Si kitu. Ni mambo ya kike."

"Anatoka damu?"

"Hatoki."

"Ana uchungu?"

"Analala tu."

Nesi Yustina akatupa jembe. Mayu alisema hakulilaza chini, alilitupa.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani ndani ya zahanati, na mikono yenye matope inanifunua kope. Alinawa, akarudi. Akaanza kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mlango uko wazi na watu wamekwishajaa nje.

"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Mayu alijifunika uso na khanga akageukia ukuta. Mimi niliangalia paa.

"Dada, nakuuliza wewe. Lini?"

Nikamwambia. Neno lilitoka nusu, lakini lilitoka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilianza kulia, na nilipoanza kuzungumza sikunyamaza tena: homa, kisogo, popo wa usiku, muundi, ugali, ugoro wa Mayu. Alinipapasa shingoni nyuma, akabonyeza. Akanibonyeza tumbo, juu, chini, pembeni, akabonyeza tena. Kisha akauliza kama niliwahi kupata jipu lisilotoa usaha. Nikamwonyesha baka mguuni. Alilitazama, akakaa kitandani karibu yangu.

"Hapa hakuna mtoto," alisema.

"Usiseme hivyo mbele ya watu," Mayu alisema kutoka ukutani.

"Mama, nisiposema mimi atasema nani? Huyu hana mimba. Nadhani ana malale, na yamekwenda mbali hata yakazikata siku zake."

Ndugu zangu, nimesikia habari nyingi mbaya maishani. Nimezika wazazi, nimemzika Maganga. Lakini ile sikuwa na mahali pa kuiweka. Niliambiwa mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba ninakufa na kwamba hakuna mtoto, na nawaambia kweli, lililonichoma ni la pili. Nilimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nimekwishampa jina.

Mayu alimshika nesi mkono. "Basi mpe dawa."

"Sina. Hapa nina aspirini, klorokwini na dawa ya vidonda. Hata hadubini ya kuangalia damu yake sina. Hili ninalosema nimeliona tu chuoni na kwa wagonjwa wachache. Naweza kukosea." Alitazama kabati lake tupu. "Ninachoweza ni kumfikisha Tabora. Treni ipite nasi tuko Tura."

Alitoka nje kumwomba mwenyekiti wa kijiji watu wa kubeba. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisimama na jembe lake, jasho linamtiririka.

"Nesi, wageni wa wilaya wanakuja kesho kuliangalia shamba. Mvua ndiyo hii. Watu nitawatoa wapi? Na huyu si hata wa kijiji chetu."

"Basi hao wageni waje wamzike," nesi alisema.

Nilisikia yote nikiwa kitandani, wala sikuwa na uwezo wa kusema niacheni nife au nibebeni. Niliwasikiliza kama wanaojadili ng'ombe. Kisha mzee mmoja, ambaye uso wake sikuuona, alisema polepole, "Njia ya Tura babu zetu walibeba pembe za wageni, wakapigwa na viboko juu. Mtu wetu atatushinda?" Nikasikia majembe yanaegeshwa ukutani, moja baada ya jingine. La mwenyekiti, aliniambia nesi baadaye, lilikuwa la tatu.

Walifunga machela ya miti miwili na gunia. Kila wakiinua nililegea nikaporomoka upande. Khanga ziliteleza. Mayu alitazama, akavua mbeleko mabegani kwake, ile ya ngozi, yenye samli. Akaipitisha kifuani mwangu chini ya makwapa, akafunga kwenye miti yote miwili kwa nguvu, kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Sote wawili tulijua ilikuwa ya nani.

Njia ile ya wapagazi naikumbuka vipande vipande. Migongo ya watu. Mvua usoni, ambayo sikuweza kuifuta. Wanaume wakibadilishana mabega bila kusimama. Nesi Yustina akitembea pembeni na khanga yake ya matope, ananifinya sikio nisilale, ananiuliza majina ya mboga za kwetu. Nikikosea ananifinya tena. Treni ya Tabora ilitukuta stesheni, naye akapanda nasi vilevile, bila viatu.

Hospitalini walinichoma kidole, wakaangalia damu, wakawaona wadudu. Kisha wakanikunja kama kamba, magoti kidevuni, wakaniingiza sindano ya uti wa mgongo. Muuguzi wa kiume alinilalia ili nisitikisike. Daktari alikuja na majibu akawakuta Mayu na nesi Yustina.

"Malale, kweli. Wadudu wamefika kwenye ubongo," alisema. "Dawa ipo, lakini yenyewe ni kali. Kuna wanaokufa kwa ugonjwa, na kuna wachache wanaokufa kwa dawa. Lazima niwaambie."

Kitanda cha pili alilazwa mwanamke wa kutoka Sikonge, tulimwita Mama Kulwa, ana ugonjwa huohuo. Alikuwa mcheshi. Alinifundisha kuuma khanga sindano ikiingia, maana dawa ile inapita mshipani kama pilipili mbichi, unaisikia inapanda begani. Yeye alikuwa amenitangulia. Siku moja baada ya sindano yake alikaa akanywa chai, akaanza kukakamaa vidole, akatupa kichwa nyuma, akatetemeka mwili mzima mpaka kitanda kikasogea. Hawakuweza kumtuliza. Walipomfunika shuka, kikombe chake cha chai bado kilikuwa na mvuke.

Zamu yangu ilifuata. Nilikataa. Nilishika chuma cha kitanda nikamwambia Mayu anirudishe Mtakuja nikafie kwangu. Maganga alikuwa bado porini, habari hazijamfikia. Nesi Yustina ilikuwa lazima arudi kituoni kwake, watu wengine walikuwa kizingitini. Alibaki Mayu, mwanamke asiyejua kusoma, aliyeuliza njia ya choo kwa ishara, na uhai wangu ulikuwa mkononi mwake.

Alimwuliza daktari, "Nisipokubali?"

"Atakufa, mama. Hilo sina shaka nalo."

"Nikikubali?"

"Huenda akapona."

Mayu alinibandua vidole kwenye chuma, kimoja kimoja. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. "Mchomeni," alisema, akanishika mkono yeye mwenyewe ili sindano ipate mshipa. Nilimlaani. Niliapa sitamsamehe. Aliendelea kushika.

Ilikuwa hivyo kila sindano. Mshipa uliungua ukawa mgumu kama ugwe, wakahamia mkono wa pili. Nilitapika. Ngozi ya viganja ilibanduka. Kuna siku sikumjua Mayu, nikamwita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa, akaitikia. Sikufanya ushujaa wowote, mkitaka kujua. Watu hupenda kusikia kwamba mgonjwa alipigana. Mimi nililala pale nikafanywa kila kitu, nikaogeshwa, nikageuzwa, nikachomwa, na kazi yangu ilikuwa kutokufa.

Asubuhi moja niliamka nikaona njaa. Niliomba mihogo. Mayu alitoka nje ya wodi akakaa mahali ambapo alidhani simwoni, akalia kwa sauti.

Maganga alikuja kutuchukua. Amekonda, ananuka moshi wa kambi, kabeba kopo la asali akaligawa wodi nzima. Hakuuliza habari za mimba. Alinishika mkono huu unaotetemeka asiuachie, na treni ikatupeleka Tura.

Nesi Yustina tulipita kumshukuru Umoja. Alikuwa na gauni jeupe siku hiyo, Mayu hakumtambua tena. Baadaye alihamishwa, wakasema Kigoma, wengine wakasema amerudi kwao. Nimemwulizia kwa kila nesi niliyekutana naye tangu hapo. Kama yu hai, Mungu amtunze. Kama amekufa, nawaomba mseme jina lake mnapoomba. Na wale wanaume wa Umoja walioacha kupanda nawashukuru, shamba lao lilichelewa kwa ajili yangu.

Neno langu kwenu ni fupi. Mtu akiugua, mwulize. Mwulize kwa jina la kitu chenyewe. Ukiona aibu, ona aibu huku unauliza. Na wewe unayeumwa, usingoje waelewe wenyewe, kwa sababu wanaokupenda wataelewa kile wanachokitaka.

Watoto sikujaliwa, hata baada ya hapo. Sikupewa sababu, nami sikuitafuta. Nililea wa shemeji zangu. Lakini Mayu alirudi kutoka Tabora akiwa mtu mwingine. Kila asubuhi alikuja mlangoni pangu, kabla ya salamu, akauliza kwa sauti iliyofika kwa Kalunde, "Kichwa? Kisogo? Umelala usiku? Siku zako zimekuja?" Maganga alikimbilia nyuma ya nyumba. Wazee waliokuwa wanapita walikohoa. Yeye alisimama palepale akangoja jibu. Na kila asubuhi nilimjibu, bado, Mayu.

Mpaka asubuhi moja, mahindi yakiwa yanachomwa, nilimjibu, "Zimekuja, Mayu. Usiku huu."

Aliniangalia. Akanivua khanga begani akaizungusha juu ya kichwa chake, akapiga kigelegele. Akapiga kingine. Wanawake walitoka majumbani, Kalunde akiwa na unga mikononi, wote wanakimbilia kwetu.

"Nani kajifungua?" waliuliza. "Mayu, nani kajifungua?"

"Hakuna aliyejifungua," alisema. "Huyu hapa. Ni mzima. Mwanangu ni mzima," na akapiga tena.